Siku Nne Nilizonyamaza

Harufu ya kwanza ya masika kwetu Chaani ilikuwa ya plastiki inayoungua polepole. Mvua ikianza tu kupiga mabati, kabla hata udongo haujalowa vizuri, harufu hiyo ilishuka kutoka juu ya paa, kali, ya kukereketa koo, na akina mama walitoka vyumbani, wakatazama juu, wakatikisa vichwa, kisha wakarudi kwenye masufuria yao. Pale kwenye ukingo wa paa ndipo waya wetu wa stima ulipoungwa na wa jirani, na wa jirani ukaungwa na wa mtu mwingine tusiyemjua, mpaka kwenye nguzo ya barabarani. Fundi aliyeuunga alikizungushia kiungo mfuko wa plastiki na uzi, akaenda zake, na hatukumwona tena. Uwani mlikuwa na vyumba sita, bomba moja la maji, sakafu ya saruji ambayo sikumbuki kuiona imekauka, na waya wa kuanikia nguo uliotoka kwenye ukingo ule ule wa paa ukafungwa kwenye boriti kando ya bomba. Siku za mvua waya huo ulitekenya. Ukiushika, kitu kilikupanda kutoka vidoleni hadi kwenye kiwiko, kikakuacha na ganzi. Akina mama waliufanyia mzaha. "Huu wanishika kuliko mume wangu," alisema mmoja wao, wakacheka wote, nasi watoto tukacheka bila kujua tunachocheka.

Mwaka huo nilikuwa kidato cha pili, na tulikuwa tumeanza somo la umeme na sumaku. Mwalimu wetu wa fizikia, Bwana Mwakio, alikuwa Mtaita mrefu mwenye sauti ya chini, mtu asiyecheka ovyo. Alifundisha kwa Kiingereza kama ilivyokuwa kanuni, lakini alipofika pahala pa hatari aligeukia Kiswahili, na sisi tulijifunza kukaa wima tukisikia lugha imebadilika. Maabara haikuwa na vifaa vya maana. Alileta betri mbili za redio, glopu ndogo ya tochi na nyaya tatu, akatuambia tuweke kati ya nyaya chochote tulichokuwa nacho. Tukaweka funguo, glopu ikawaka. Tukaweka sarafu, ikawaka. Mvulana mmoja akavua ndara yake na kuiweka, darasa zima likaguna kwa uvundo, na glopu haikuwaka. Mpira haupitishi umeme, akasema Mwalimu, na mimi nikaliandika hilo nikalipigia mstari mara mbili.

Nilirudi nyumbani kichwa kimevimba. Sisi tulikuwa watu wa bara, Wakamba, baba akifanya kazi kwenye yadi ya makontena, na pale uwani hatukuwa na la kumfundisha mtu. Sisi ndio tuliofundishwa. Aliyetufundisha hasa ni Bi Maryam, mjane kutoka Jomvu Kuu aliyekaa chumba kilichotazamana na bomba pamoja na bintiye Mwanahawa, hirimu yangu, ambaye alikuwa ameacha shule na kujifunza kushona. Bi Maryam alimwonyesha mama yangu namna ya kukamua tui, na mimi alinikatalia kupita mlangoni pake bila kumwamkia. Ukimwita naye alikuitikia "Abee" kwa sauti iliyokufanya ujione mtu mzima. Jioni hiyo nilisimama mbele yake na mbele ya akina mama wengine, nikaeleza habari ya betri, glopu na ndara.

"Ati mpira wazuia stima?" akauliza.

"Ndiyo, Bi Maryam. Mwalimu ametuonyesha kwa macho."

"Basi kuanzia leo, asiyevaa ndara asiuguse waya huu," akatangaza, akinishika bega. "Mwalimu wetu amesema."

Jozi moja ya ndara za bluu ikawekwa chini ya waya, ziwe za wote. Jambo hilo lilifanya kazi, na hapo ndipo penye ubaya wake. Mvua zilikuja, harufu ikashuka kutoka paani, waya ukawa unanguruma kwa sauti ndogo ambayo uliisikia ukisogeza sikio, na akina mama walivaa zile ndara, wakaanika na kuanua nguo bila kuhisi chochote. Kabla ya hapo walikuwa wakizungumza kumwita mwenye nyumba akate kiungo kile. Baada ya hapo hakuna aliyelitaja tena. Mimi nikaitwa Mwalimu, hata na baba yangu, na wallahi nililipenda jina hilo kuliko jina langu.

Majuma machache baadaye, siku ya Jumanne, Bwana Mwakio alikuja na rula ya plastiki na vipande vya karatasi. Ukiisugua rula kwenye nywele, alituambia, itaviokota vile vipande. Akasugua, akaisogeza, karatasi zikalala pale pale. Akasugua tena. Sisi tukaanza kucheka chini kwa chini, kwa kuwa ilikuwa raha kumwona mwalimu akishindwa. Nje mvua ilikuwa imekatika sasa hivi, na kuta za darasa zilikuwa zinatoka jasho. Aliiweka rula mezani, akatugeukia, akaanza kusema Kiswahili. Akasema hewa ya huku kwetu Pwani imeshiba maji, na unyevu huo umetanda juu ya rula na kuuiba umeme wote. Akasema maji, hasa yenye chumvi, hupitisha umeme, na kwamba mwili wa mtu ukiwa mkavu huuzuia kidogo, lakini ukilowa huupa njia nyeupe mpaka ardhini. Kisha akasema jambo ambalo naweza kulikariri mpaka leo. "Msije mkasikia kwamba mpira unazuia mkadhani mko salama. Ndara inakulinda ukiwa umeivaa. Siku utakapoivua na miguu yako imelowa, hiyo ndiyo siku ya kufa."

Nilielewa papo hapo. Sikuhitaji kufikiri. Niliiona sakafu ya uwani kwetu, nikaliona bomba, nikamwona Bi Maryam akitawadha mara tano kwa siku, ndara amezivua ili aoshe miguu, mikono imelowa hadi viwikoni, na taulo lake likining'inia kwenye waya hatua moja kutoka aliposimama. Ni watu wa uwani kwetu tu, nadhani, ambao wangeweza kuweka kanuni nzuri namna ile na kumsahau mtu anayesali. Nilitembea nyumbani siku hiyo nikiwa nimekata shauri kusema. Nilipofika sikusema. Nilijiambia kwamba mwenye nyumba angekata stima na mtihani ulikuwa umebaki wiki mbili, nami sikutaka kusoma kwa kibatari. Hilo lilikuwa kweli, ila si hilo lililonifunga mdomo. Ningelazimika kusimama mbele ya wale wale akina mama na kukiri kwamba Mwalimu wao alikuwa amejua nusu tu ya somo. Nikasema moyoni, nitawaambia Jumapili.

Alhamisi Bi Maryam aliniona nikipita na vitabu, akaniita.

"Mwalimu, leo mumesomeshwa nini?"

"Sumaku," nikajibu, na haikuwa uongo, maana siku hiyo tulikuwa tumezungushia msumari waya na kuufanya uokote pini.

"Na hiyo yafaa nini mtu akiwa nyumbani?"

"Kuokotea sindano, Bi Maryam."

Akacheka sana. "Basi mfundishe Mwanahawa, kila siku zampotea." Akanipa kaimati mbili kwenye karatasi. Nilizila nikiwa nimesimama pale pale kwenye ile saruji yenye maji, viatu vya shule miguuni, nikiutazama waya nyuma ya kichwa chake.

Jumamosi ilinyesha tangu alfajiri, ikakatika karibu na adhuhuri. Nilikuwa mlangoni petu nachagua mchele. Adhana ilipoanza Bi Maryam alitoka, akafungua bomba, akazivua ndara zake akazipanga kando, akatawadha bila haraka kama desturi yake. Nilimtazama akiosha mguu wa kulia, kisha wa kushoto. Ningeweza kumwita. Nilikuwa na muda wa kutosha kumwita, na nimeupima muda huo mara nyingi tangu siku ile. Akanyoosha mkono kulichukua taulo. Hakupiga kelele. Alisimama tu, vidole vimejifunga kwenye waya, akitetemeka kidogo, na Mwanahawa aliyekuwa ametoka nyuma yake akakimbia kumshika. Hapo ndipo sauti yangu ilipotoka. Nilimpigia kelele asimguse, nikauchukua mchi mkavu wa kinu chetu, nikaupiga waya kwa nguvu zangu zote hadi ukakatika upande wa paa, na Bi Maryam akaanguka. Alikuwa ameshakufa.

Alizikwa Jomvu Kuu siku hiyo hiyo kabla ya magharibi. Kwa majuma mengi watu walisimulia jinsi binti wa Kikamba alivyojua la kufanya, jinsi alivyomwokoa Mwanahawa asimfuate mama yake. Mwanahawa alinikumbatia matangani na kuniambia mama yake alinipenda, na kwamba ajali ni kazi ya Mungu. Nililia, na wote wakadhani wanajua sababu.

Uwani ule haupo tena. Pamejengwa nyumba ya ghorofa nne, kila mlango na mita yake, na wapangaji hununua stima kwa simu. Mimi ni mwalimu wa fizikia upande wa Port Reitz. Nina betri mpya, nina vifaa, nina picha zinazosogea kwenye kompyuta, na wanafunzi wangu hawajui waya unaonguruma unasikika vipi. Mwanahawa hunipigia simu kila Idd. Mwaka huu alifanya zaidi ya hapo. Alimleta shuleni kwangu mwanawe Salim, kijana mpole mwenye macho makali, akaniambia mbele yake, "Nimemleta kwako kwa kuwa wewe ndiwe uliyeniokoa." Nilisema ahsante. Nilipaswa kusema jambo jingine.

Jumanne wiki hii ilikuwa zamu ya somo lile. Huanza na maji siku zote, mpira hufuata. Nilikuwa ninaeleza habari ya mwili uliolowa Salim alipoinua mkono.

"Mwalimu, bibi yangu alipokufa, wewe ulikuwa umeshasomeshwa hili?"

Wenziwe waligeuka kumtazama, kisha wakanitazama mimi. Ningeweza kusema sikumbuki, na kijana angeridhika, kwa kuwa hakuuliza kwa ubaya.

"Ndiyo," nikasema. "Siku nne kabla."

Aliifunga kalamu yake, akaomba ruhusa ya kwenda nyumbani. Nilimruhusu. Leo ni Ijumaa, kiti chake bado ni kitupu, na Mwanahawa hajapiga simu.