Kravati Nyekundu Chini ya Mikro

Leo nimeharibu pochette ya disque, jalada ya sahani ya muziki, na watu wamenipigia mikono!

Ngojeni niwaelezee.

Miaka ya sabini, hapa Bunia, nilikuwa nachora pochette za orchestre, bendi yetu ya muziki, kwa mukono, moja moja. Mwimbaji wetu, Papa Kasimiri, akaomba nimuchore na kravati nyekundu. Nikaichora na rangi ya mafuta.

Lakini wakati ule serikali ilikataza kravati Zaïre yote, eti ni nguo ya wazungu. Chef wa orchestre akaogopa: «Ondoa hii kitu, watatufunga!»

Sikuiondoa. Nilichora mikro kubwa ya kuimbia juu yake, na waya ikishuka kifuani.

Ila mikro niliipaka na rangi ya maji. Makusudi kabisa. Nilijua siku moja itatoka.

Sasa leo asubuhi Furaha, binti ya Papa Kasimiri, ananiletea pochette moja iliyobakia.

«Tonton, mikro iko inabanduka. Itengeneze, leo ni fete, sikukuu ya papa.»

Nikakamata kitambaa chenye maji. Nikapangusa mikro yote, kravati nyekundu ikatokea.

(Weye ungefanya nini?)

Kwenye fete Furaha akalalamika: «Tonton, uliharibu souvenir ya papa!»

Nikamupatia Papa Kasimiri pochette mukononi.

Muzee akavaa lunettes zake za macho. Akaangalia. Akaangalia tena.

Akageukia pasta aliyekaa karibu yake: «Pasta, niazime kravati yako.»

Akaivaa pale pale, akasimama aimbe! Tukapigiwa mikono, yeye na mimi, na vigelegele!

Furaha akamukimbilizia mikro.

Muzee akaisukuma: «Hapana, mutoto wangu. Itafunika kravati.»