Injini Inayozima Katikati ya Mto

Saadi hakai akakalika. Wakulima wa Nachingwea wanaompelekea mashine zao za kupulizia mikorosho wanamjua hivyo: ukimkuta amekaa, basi kuna kitu anakifumua, na akimaliza kukifumua ameshasimama kutafuta kingine. Chai anainywa amesimama mlangoni. Kwao ni kijiji kimoja mbele ya Mbekenyera, kando ya mto Mbwemkuru, na tangu ahame, miaka kumi na mmoja sasa, amerudi mara sita. Mara nne kati ya hizo ni misiba. Anafika asubuhi, anazika, anakula, na majamvi hayajakunjwa utasikia pikipiki yake inanguruma. Mwenyewe anasema kazi zimembana. Haya, tumwachie na kazi zake.

Mwaka huu mwezi wa tatu, mvua zikiwa zimekolea, kaka yake Shaibu alimpigia simu alfajiri. Shaibu ndiye anayeendesha boti ya kijiji, boti ya mbao yenye injini kuukuu ambayo wanakijiji waliichangia wakainunua Lindi kwa mtu, ili masika watu wavuke kwenda kwenye mashamba ya ng'ambo. Kupata mtandao huko ni mpaka upande kichuguu, na sauti ilikuwa inakatikakatika.

"Saadi, mama yuko ng'ambo."

"Anafanya nini ng'ambo na mvua hizi?"

"Analinda mahindi, nguruwe wamezidi. Nimemsihi kakataa, kang'ang'ania dungu lake la kulindia shamba. Sasa mto umefura, na boti ukiwasha inawaka vizuri, ikifika katikati inazima. Jana maji yamenisomba mpaka nikanasa kwenye miti. Kila asubuhi tulikuwa tunaona moshi wake. Tangu juzi hatuuoni."

Saadi alikuwa na mashine mbili mezani, zimefunguliwa kila kiungo. Aliziacha hivyohivyo, akatia spana, plagi mpya na brashi kwenye mfuko, akapanda pikipiki. Ruangwa alipita bila kusimama. Baada ya Mbekenyera alianguka matopeni mara mbili, na mara zote mbili aliitukana pikipiki, kana kwamba ndiyo iliyokuwa na haraka.

Kufika saa nne alikuwa mtoni. Maji yalikuwa mekundu kwa udongo, yanapita na magogo mazima. Ng'ambo palionekana miti, na juu ya miti mawingu matupu.

"Shikamoo kaka. Moshi?"

"Marahaba. Bado."

Saadi aliivamia injini. Kwake yeye ile ilikuwa mashine ya mikorosho tu: inakunywa petroli iliyochanganywa na oili, inawashwa kwa kamba, na inagoma kwa sababu zilezile. Alitoa plagi, akaiona imelowa na nyeusi tii, akaweka mpya. Akafungua tangi la petroli lililokaa kwenye sakafu ya boti, akanusa kama oili imezidi, akamwachia Shaibu alifunge. Boti ikiwa bado imefungwa kamba kwenye mti, akavuta kamba ya injini mara tatu. Ikaitika, ikanguruma mpaka ndege wakaruka.

"Umeona? Plagi tu. Twende!"

"Subiri kwanza," Shaibu akasema. "Hata jana iliniitikia hivyohivyo."

Walisubiri, Saadi akipiga mguu sakafuni. Hazikupita dakika tano, injini ikaanza kukohoa, ikaishiwa nguvu, ikafa.

Basi kabureta. Aliishusha, akafungua tangi akachota petroli ya kuoshea, akasugua kila tundu kwa brashi na kulipitishia waya mwembamba. Kila akilegeza skrubu moja alitupa jicho ng'ambo. Aliporudisha vyote, Shaibu akafunga tangi, injini ikawaka kwa mvuto wa kwanza. Saadi akaanza kumweleza kaka yake jinsi uchafu unavyodanganya watu. Hakumaliza maelezo. Dakika tano, ikafa.

Basi petroli ina maji. Akaimimina yote, akaichuja kwa kitambaa, akairudisha. Ikawaka. Ikafa.

Sasa moyoni alimwona mama yake ameanguka chini ya dungu, hana wa kumwinua. Alimwona anaharisha peke yake kwa siku mbili. Akiwa na mawazo hayo akageuka akamtolea kaka yake hasira zisizo zake.

"Ulimwachaje avuke peke yake, mtu mzima kama yule?"

Shaibu hakupandisha sauti. "Ungekuwepo ungemzuia wewe."

Saadi alijibu kwa mguu. Aliupiga teke mpira mrefu unaopeleka petroli kutoka kwenye tangi hadi kwenye injini. Katikati ya mpira huo kuna kipira kinene cha kubonyeza kwa mkono, cha kusukuma mafuta kabla ya kuwasha. Kikajigeuza upande, na Saadi akaona kimebonyea, pande mbili zimegusana. Hakuna aliyekuwa amekibonyeza.

Akachuchumaa. Injini inavuta, alijiambia, na haipati. Akaufuata mpira kwa vidole mpaka kwenye tangi, na hapo ndipo alipokiona kitu ambacho tangu asubuhi alikuwa anakitazama bila kukiona. Kifuniko cha tangi kilikuwa kimefunikwa nailoni, na juu ya nailoni kimezungushiwa utepe wa tyubu ya baiskeli, umekazwa barabara.

Hivyo ndivyo kila mtu wa huko anavyofunga petroli. Wakati wa kupulizia salfa mikorosho, lile vumbi la njano linaingia kwenye nguo, kwenye maji ya kunywa, mpaka kwenye ugali, na likiingia kwenye petroli ndiyo basi, mashine imekufa. Kwa hiyo dumu la kuwekea petroli linafungwa lisipitishe hata pumzi. Lakini salfa ni ya kiangazi. Siku ile, katikati ya masika, vumbi la salfa lingetoka wapi mtoni?

Akaufungua ule utepe. Tangi likavuta hewa kwa nguvu, fyuuu, na kile kipira kikajaa polepole chenyewe. Chini ya nailoni kulikuwa na skrubu ndogo ya kuingizia hewa, nayo imekazwa mpaka mwisho; hewa isipoingia kwenye tangi, petroli haitoki.

"Kaka, nani kakufundisha kufunga hivi?"

"Si wewe? Uliniambia hata upepo usipite."

"Dumu, kaka! Nilisema dumu!"

Walitazamana, Shaibu akaanza kucheka, Saadi akajikuta anacheka na machozi yanamlengalenga. Mara tatu asubuhi ile alikuwa amefungua tangi kwa mkono wake, akaliingizia hewa bila kujua, injini ikapata nguvu za dakika tano, na yeye akajipa sifa za ufundi.

Safari hii Shaibu alitaka iungurume robo saa nzima boti ikiwa bado kwenye kamba. Kwa Saadi ilikuwa robo saa ndefu kuliko barabara yote ya kutoka Nachingwea. Injini haikukohoa. Wakafungua kamba, wakakata maji kwa mshazari wakikwepa magogo, na boti ilipogusa udongo wa ng'ambo Saadi alikuwa ameshajirusha, anakimbia kwenye mahindi, anaita.

"Mama! Mama!"

"Usinivunjie mahindi!"

Mama yao, Bi Mwanaima, alikuwa amekaa kwenye ngazi ya dungu lake, kanga imemganda mwilini, anatafuna hindi bichi. Amekonda. Kiberiti kimelowa tangu juzi, alisema, na hindi bichi likitafunwa polepole si baya. Saadi alimshika mikono, akampa shikamoo huku anahema, akahisi roho yake inamrudia.

Mama akaitika marahaba, akamtazama kutoka kichwani mpaka kwenye viatu vilivyojaa tope. Kisha akamgeukia Shaibu, aliyekuwa ndiyo kwanza anafika.

"Boti imepona?"

"Imepona mama. Saadi kaitengeneza."

"Kaitengeneza," akarudia mama, akatoa nyuzi za hindi kwenye meno. "Angeiacha mbovu. Ikishapona huyu anaondoka."

Saadi alikuwa na maneno tayari mdomoni: wateja, mashine mbili zilizo wazi mezani, giza litakalomkuta njiani akichelewa. Yalikuwa ya kweli yote. Hakuna hata moja aliloweza kumwambia mama yake aliyelowa vile.

Shaibu akauliza kama arudi kuwasha injini. Saadi akamwambia asiwashe. Akakaa kwenye ngazi, chini ya miguu ya mama yake, akiona aibu iliyomchoma mpaka masikioni, na mama akamkatia nusu ya lile hindi.