Swali la Saba la Mwalimu Kidawa

Kidawa binti Tawakali hakuwa mwoga wa nyoka, wala wa giza, wala wa mkaguzi wa shule. Aliwahi kumuua nyoka darasani, kijijini Nyangamara, kwa rula ya ubaoni, akaipangusa rula, akaendelea na hesabu za kugawanya. Lakini mwaka ule wa sabini na sita, akiwa mjane wa miaka thelathini na minne, mwalimu wa darasa la nne, aliogopa karatasi. Aliiogopa hadi chakula kikamshinda.

Karatasi yenyewe ilikuwa haijafika. Chuo kimoja cha Dar es Salaam kilikuwa kimewafungulia mlango watu wazima waliokwisha fanya kazi: walimu, wauguzi, mabwana shamba, watu ambao ujana wao ulipita wakati madarasa yalikuwa machache na mbali. Ukipendekezwa na wakubwa wako wa kazi na tawi la Chama, kisha ukafaulu mtihani, unaingia kusomea digrii. Mtihani ulikuwa na sehemu kadhaa. Iliyomnyima raha Kidawa ni moja tu: unapewa habari ya Kiingereza, unaisoma, unajibu maswali kuonyesha kwamba umeielewa. Vitabu vyote vya digrii vilikuwa vya Kiingereza, kwa hiyo aliyeanguka hapo alikuwa ameanguka kote.

Na Kiingereza chake, jamani, kilikuwa kimelala usingizi mzito. Alikipata shule ya kati na chuo cha ualimu, kisha masomo ya msingi yakawa kwa Kiswahili, na yeye akabaki kuwafundisha watoto kwamba hiki ni kiti na kile ni kikombe. Ukifundisha kiti na kikombe miaka minane, na wewe mwenyewe unabaki na kiti na kikombe.

Siku aliyotia sahihi barua ya kumpendekeza, katibu wa tawi, Ndugu Eusebio, alimkalisha kwenye benchi la ofisi na kumtazama kwa muda. Hakuwa mtu mbaya Eusebio. Alikuwa mtu mwenye wakubwa.

"Mwalimu, nafasi hii wameitaka wanaume watatu," alisema. "Nimekupitisha wewe. Ukienda kule ukaandika upuuzi, ujue ni mimi nimeuandika. Tumeelewana?"

"Tumeelewana, Ndugu Katibu."

"Sikutishi lakini."

"Najua hunitishi."

Alikuwa anamtisha, na wote wawili walijua.

Kitabu cha Kiingereza cha mtu mzima hakikuwepo Nyangamara nzima. Kidawa akaenda mji wa Mtama, dukani kwa Hatim, mzee wa Kihindi aliyekuwa akifunga sukari na majani ya chai kwa vipande vya magazeti. Magazeti mengine yalikuwa ya Kiingereza. Kidawa alimwamkia, kisha akamwomba gazeti zima.

"Zima mimi napata wapi, mwalimu?" Hatim alijibu. "Zima ningesoma mwenyewe. Hii nanunua imechanika, nauza imechanika. Chukua hiki kipande, na hiki, na hiki hapa. Imeingia mafuta kidogo tu."

Basi akasomea vipande vya kufungia sukari. Kila siku baada ya shule alikaa ukumbini, mama yake Bi Kijakazi pembeni yake na ungo wake, akasoma habari ambazo hazikuwa na mwisho. Meli imekwama mchangani, nahodha amewaita mabaharia wake, akawaambia kwamba... kipande kimekatika. Kidawa alijiuliza maswali na kuyajibu kwa maandishi, na pale habari ilipokatika aliimaliza kwa akili yake mwenyewe: alikwisha waona manahodha, alijua wanachosema meli ikikwama. Akawa hodari kweli wa kumalizia. Hakujua kwamba alikuwa anajizoesha jambo baya. Mtihani wa kusoma haukuulizi unajua nini. Unakuuliza imeandikwa nini.

Bi Kijakazi alimsikiliza akinong'ona maneno ya kigeni, akaendelea kupepeta. Alikuwa akiishi kwa bintiye tangu uhamisho wa serikali wa mwaka sabini na nne, watu wa bondeni walipoletwa huku barabarani kukaa kwenye nyumba za mistari. Siku ile ya kuhama haikuzungumzwa nyumbani mle. Jirani yao mmoja, mzee mwenye mdomo, aliwahi kusema mbele za watu kwamba mikorosho yake ameirithisha nyani. Akaitwa ofisini. Alirudi siku ya tisa, na tangu hapo ukimsalimia anaitikia na kupita. Watu waliona, wakajifunza.

Mtihani ulifanyika Lindi mjini, katika darasa moja la shule iliyotazama bahari. Watahiniwa walikuwa saba, na mwanamke ni Kidawa peke yake. Msimamizi alikuwa mtu aliyetoka Dar es Salaam, mwembamba, mpole wa sauti, na upole wake ndio uliomtisha Kidawa.

"Mtajibu kwa kufuata habari mliyoisoma, si vinginevyo," alisema. "Kila mmoja ana karatasi yake moja ya majibu, zimehesabiwa. Hakuna ya ziada, na hakuna itakayotoka humu."

Kidawa akafunua. Macho yalikataa kwanza, herufi zikawa herufi tu. Akasoma Bismillahi, akaanza tena polepole, na mstari wa tatu maneno yakaanza kufunguka. Ilikuwa habari ya kijiji. Kijiji hakikutajwa jina, lakini kulikuwa na mikorosho, kulikuwa na bonde, kulikuwa na watu waliokuwa wakiishi mbalimbali na sasa wanaishi pamoja karibu na barabara. Moyo wake ukatulia. Haya aliyajua! Angepewa habari ya theluji angefanya nini? Akajibu swali la kwanza, la pili, la tatu, kalamu ya biki ikiteleza, na kwa mara ya kwanza tangu mwaka uanze alihisi njaa.

Swali la saba liliuliza mapaa ya nyumba za zamani yaliondolewaje, na kwa nini. Kidawa hakurudi kwenye habari. Mkono ulikwisha zoea kumalizia. Akaandika, kwa Kiingereza kilichonyooka kuliko chote alichowahi kuandika, kwamba mgambo waliezua mapaa ili watu wasiweze kurudi, na kwamba nyumba nyingine ziliezuliwa wenyewe wakiwa ndani.

Alipoweka nukta ndipo alipoona alichokifanya.

Kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Bi Kijakazi alikuwa jikoni na chungu cha mbaazi kikiwa motoni, na nyasi za paa zikaanza kumwangukia kichwani, na akadhani ni upepo. Alitoka nje akiwa na mwiko mkononi. Kidawa alimkuta jioni ya siku ile amekaa barabarani juu ya kitanda chake, mwiko bado anao.

Akarudi kwenye habari, jasho likimtoka. Aya ya nne ilikuwa wazi kabisa, mtoto angeielewa: wanakijiji waliezua mapaa yao wenyewe kwa furaha, wakibeba miti na makuti kwenda kujengea nyumba mpya, kwa kuwa hawakuwa na haja ya kurudi walikotoka.

Hapo hofu ya kufeli ikamtoka yote, ikaingia nyingine kubwa zaidi. Watahiniwa saba tu, mwanamke mmoja. Namba ya mtihani, badala ya jina, ingemficha kwa nani? Mtu wa Dar es Salaam angesoma, angeuliza huyu ni nani, angeambiwa ni yule wa Nyangamara, aliyependekezwa na Ndugu Eusebio. Na hao walioezuliwa nyumba wakiwa ndani ni akina nani? Mmoja ni mama yake, anaishi naye. Wangefuata njia hiyo hadi mlangoni.

Akafuta. Alichora mstari juu ya sentensi, na sentensi ikasomeka. Akachora mingine kumi, ikasomeka bado kwa mwenye nia. Akasugua kwa biki kwenda na kurudi mpaka karatasi ikalainika, ikaota nywele, ikatoboka. Akaona mbao za dawati kupitia kwenye tundu.

"Kuna tatizo, mama?" msimamizi aliuliza, amesimama juu yake.

"Nimekosea kidogo, bwana. Nasahihisha."

Msimamizi akatazama tundu. Akalitazama muda mrefu kuliko tundu linavyostahili. Kisha akasema, "Imebaki robo saa," akaenda zake. Kidawa akaandika pembeni, kwa herufi ndogo, kwamba wanakijiji waliezua mapaa yao wenyewe kwa furaha kwa kuwa hawakuwa na haja ya kurudi. Tahajia ya kila neno ilikuwa sawa.

Wiki saba zilizofuata simtakii hata adui. Gari likipita barabarani, Kidawa ananyamaza katikati ya somo, na watoto arobaini wananyamaza naye bila kujua kwa nini. Alipunguka mpaka nguo zikamning'inia. Alijiambia sentensi haisomeki, ametoboa. Halafu alijiambia: na hilo tundu je? Mtu asiye na la kuficha anatoboa karatasi ya serikali? Mama yake alimuuliza mara mbili kilichompata huko Lindi, na mara mbili alisema ni homa.

Siku ya Jumatano mjumbe akaja shuleni na maneno mafupi: mwalimu anaitwa ofisini kwa Katibu, sasa hivi.

Kidawa alipitia nyumbani kwanza. Alivaa khanga mbili juu ya gauni, maana alisikia kwamba huko wanakofungiwa watu kuna baridi. Alimwonyesha mama yake mahali palipokuwa na unga na dawa ya miguu. Bi Kijakazi alimshika mkono, akamsindikiza hadi kwenye mstari wa mwisho wa nyumba, na pale alisimama.

Eusebio alikuwa ameshika bahasha, na meno yake yote yako nje.

"Umechukuliwa!" alisema. "Nilisema mimi! Umefaulu, na karatasi ya kusoma Kiingereza ndiyo umeng'ara kuliko zote. Wameandika hapa, tazama, umeonyesha uelewa mzuri sana. Mwalimu, mbona unakaa chini? Benchi lipo."

Kidawa alikuwa amekaa sakafuni. Alilia, na Eusebio akadhani ni furaha, na kwa kiasi fulani ilikuwa furaha. Katibu alimpa maji kwenye kikombe cha bati. Kisha akauliza, kwa udadisi tu, walisomeshwa habari gani.

"Habari ya kijiji, Ndugu Katibu."

"Kijiji chetu?"

"Kijiji tu."

Eusebio akatikisa kichwa polepole, na kicheko kikampungua usoni.

Bi Kijakazi alikuwa bado amesimama palepale alipoachwa. Walirudi nyumbani pamoja, Kidawa akamweleza habari njema, na mama akashukuru Mungu, akamshika kichwa, akamwombea dua ndefu. Kisha akaketi na ungo wake.

"Sasa niambie," alisema. "Homa ile ilikuwa ya nini?"

Kidawa alikuwa amekusudia kutomwambia kamwe. Lakini alikuwa amechoka, na furaha nayo huulegeza ulimi. Akamtafsiria habari yote, kuanzia bonde na mikorosho hadi aya ya nne. Akamwambia na swali la saba, na alichoandika kwanza, na tundu.

Mikono ya Bi Kijakazi ilisimama juu ya ungo.

"Kumbe na kwa Kizungu wameandika hivyo?"

"Ndivyo ilivyoandikwa, mama."

"Kwamba tuliezua wenyewe."

"Ndiyo."

"Kwa furaha."

"Ndiyo, mama."

"Na wewe ukawajibu hivyo."

"Nikawajibu hivyo. Nisamehe."

Bi Kijakazi alirudia kuchambua mchele, akatupa kijiwe kimoja nje. Alipozungumza tena alikuwa amepunguza sauti, na macho yake yalikuwa mlangoni.

"Mwanangu, huko uendako watu watakuuliza habari za kwenu. Watakuja hata kuniuliza mimi. Mimi mzee, mdomo unaweza kuniponyoka kama mkono ulivyokuponyoka wewe, nikakuharibia. Nifundishe namna ya kujibu."

Kidawa alitaka kumwambia hapana. Alitaka kumwambia kwamba hakuna atakayekuja, kwamba yaliyompata ni yake na ana haki ya kuyasema. Aliyatafuta maneno hayo, akayapata yote, na hakuna hata moja lililomtoka. Aliogopa. Akainuka, akarudishia mlango, akaketi mbele ya mama yake kama anavyoketi mbele ya mtoto mgumu wa kushika somo.

"Wakikuuliza mapaa yaliondolewaje, unasema nini?"

"Nilikuwa jikoni," Bi Kijakazi alianza, "nimeweka chungu..."

"Hapana, mama. Tuliezua wenyewe."

"Tuliezua wenyewe."

"Kwa furaha."

Bi Kijakazi alimtazama bintiye. Midomo yake ilijaribu neno lile mara moja bila sauti.

"Tena, mama," alisema Mwalimu Kidawa. "Tangu mwanzo."