Msomaji wa Shangazi Biasha

Shangazi yangu Biasha humshuku hata muadhini akitangulia dakika mbili. Amenilea tangu nina miaka mitatu. Anapika mahamri na viazi vya karai kando ya barabara hapa Msambweni, na hospitali iko hapo hapo, lakini yeye alikwenda kutibiwa zahanati moja Ukunda ili majirani wasimwone. Kurani anaisoma bila kukwama; herufi hizi za kizungu hazijui hata moja. Ndipo nikawa macho yake.

Mwaka jana zahanati ile ikaacha madaftari. Karani wao, Garama, akatueleza kwamba habari za wagonjwa sasa zinawekwa katika kitu kiitwacho blokcheni: nakala zimo katika kompyuta nyingi, zimefungamana kama mnyororo, ukichezea moja nyingine zinakataa.

"Halifutiki neno, mama. Na kila atakayefungua jalada lako, jina lake litabaki humo, na saa aliyofungua."

"Kisichofutika kinanitisha," Shangazi akasema. "Na hao wenye kompyuta nyingine ni akina nani?"

"Hawawezi kulisoma, mama. Wanalinda tu."

"Hata mbwa analinda, na nyama anakula."

Akakubali shingo upande. Nikaandikishwa mimi kuwa msaidizi wake, niwe nalifungua jalada kwa simu yangu. Kutoka nje tu, akanishika mkono. "Unisomee tarehe ya kurudi tu, Warda. Mengine usiyapekue."

Nami nikapekua. Nilikuwa nikimwona alfajiri akimeza vidonge tele, akinambia ni vya presha. Jumamosi aliyokwenda arusini Majoreni, nikafungua jalada. Kumbe kifua kikuu, na dawa ni za miezi sita, ndio kwanza amemaliza miwili. Nililia. Kisha, mjinga mimi, nikamwambia shoga yangu Fauzia, mtu mmoja tu. Nani asiyejua mtu mmoja tu hapa kwetu ni watu wangapi?

Haikupita wiki, mahamri yakawa yanalala. Wateja wanapita ng'ambo ya barabara, wengine wameziba pua kwa mtandio. Daktari alikwisha kumwambia kuwa haambukizi tena, lakini umbea hauendi kwa daktari.

"Ni yule Garama," Shangazi akasema. "Kikulacho ki nguoni mwako, mwanangu."

Haya ilinichoma, wallahi.

Tukaenda Ukunda. Garama akasimama. "Shikamoo, mama." Shangazi hakuitikia, na huyu ni mtu wa kuitikia hata salamu ya mwendawazimu.

"Nitolee majina ya waliofungua jalada langu. Sasa hivi!"

Garama akachapisha karatasi, akampa. Shangazi akanipa mimi. "Soma wewe. Huyu simwamini."

Majina yalikuwa matatu: daktari, Garama, na mimi. Nikasoma mawili.

"Basi?"

"Basi, Shangazi."

Garama aliniangalia.

Shangazi akainuka. "Sitii mguu hapa tena. Na dawa zenu mezeni wenyewe!"

Miezi minne ilikuwa imebaki. Dawa za kifua ukiziacha katikati, ugonjwa hurudi na ukali wake. Lo! Nilimwona amelala ndani ya sanda.

"Kuna la tatu, Shangazi. Warda Jaafar. Jumamosi ile, saa nne asubuhi."

Akafikiri kidogo. "Nilikuwa Majoreni."

"Ulikuwa Majoreni. Nisamehe."

Hakunipiga. Afadhali angenipiga. Aliichukua ile karatasi mkononi mwangu, akaikunja mara nne, akaketi tena na kumgeukia Garama.

"Marahaba, mwanangu. Shikamoo yako sikuiitikia. Nipe dawa zangu."

Alizimeza zote mpaka ya mwisho, na alhamdulillahi, amepona. Wateja wanarudi mmoja mmoja. Mimi ndiye ninayemkandia unga kila alfajiri, na tunazungumza, tunacheka. Ila akitaka kujua tarehe ya kwenda kupimwa, hunipita nimekaa, akatoka uani kumpigia simu Garama.