Mlango wa Moyo wa Bibi

Jana harufu ya spiriti ilinikuta kwenye ukumbi wa hospitali, mama akisubiri kubadilishiwa vali ya moyo, nikamkumbuka bibi, mama yake.

Nilikuwa msichana mdogo. Tulitoka kijiji chetu cha ujamaa, upande wa Sikonge, kwa lori la tumbaku, tukampeleka bibi Tabora mjini kwa sababu alihema hata akiwa ameketi.

Daktari alimsikiliza kifuani kwa muda mrefu.

"Bibi, moyo una milango ya kupitishia damu. Mlango wako mmoja haufungi vizuri. Ng'ambo huweka mpya, lakini kwa umri wako siwezi kukudanganya. Nitakupa vidonge."

Bibi akacheka. "Mwanangu, hata mlango wa nyumba yangu haufungi, nami nalala salama."

Mama aligeukia dirishani, akajifuta macho. Daktari akanivika masikioni mipira ya kipimo chake cha kusikilizia moyo.

"Moyo unasemaje?" bibi aliniuliza.

"Unakimbia, bibi."

"Basi bado una nguvu."

Aliishi misimu miwili zaidi. Kila asubuhi, wakubwa wakishakwenda shamba la kijiji, alinivutia kifuani nimsikilize.

"Upo?"

"Upo, bibi."

Asubuhi moja hakuniita. Nilikwenda mwenyewe, nikalaza sikio kifuani pake, nikakaa hivyo mpaka mama aliporudi kutoka shamba.