Ukuta wa Bibi na Vitz ya Jirani

Wiki iliyopita nilikuwa kwenye yadi moja ya magari Kinondoni, natafuta kagari kadogo kenye nguvu kidogo, kwa bei ya mfuko wangu. Muuzaji akanielekeza: hizi za kawaida, hizi za juu yake zina injini ya michezo, na zile pale zina turbo. Nikacheka peke yangu. Mpango huo, rafiki yangu, niliujua tangu nina miaka kumi, na niliuandika kwa mkaa kwenye ukuta wa bibi, kule Temeke.

Mbele ya nyumba ya bibi, barabarani, palikuwa na tuta la kupunguza mwendo. Wakati wa likizo mimi na binamu yangu tulikaa ukutani tangu asubuhi, vikombe vya uji mkononi, pilipili manga ikituwasha koo, tukisikiliza magari yanavyochomoka baada ya tuta. Starlet ya turbo ikipita na ule mluzi wake, daraja la kwanza. Swift ya michezo, la pili. La tatu tuliliita la kwendea sokoni, na humo ndimo tulimotupa gari la jirani.

Jirani alikuwa fundi rangi, kijana mpole, na Vitz yake nyeupe aliifuta kila siku kabla hajanywa chai. Ilikuwa RS, yaani Vitz ya michezo, gia za mkono, injini kubwa kuliko Vitz za wengine. Alishatuletea mpaka kadi ya gari tusome. Lakini tulikuwa majaji wagumu. Kwetu ushahidi ulikuwa tuta, na kila asubuhi Vitz ile ililipanda na kulishuka kinyonge, halafu ikajikokota mpaka kwenye kona.

"Niweke hata la pili basi, mwanangu," aliniambia siku moja, na hakuwa anatania.

"Gari yako haichomoki, anko."

Akatazama ukuta, akatabasamu kidogo, akaenda zake. Bibi alisikia, lakini aliendelea kukoroga uji.

Kisha mama yake jirani akaugua huko Lindi, ikabidi gari liuzwe. Mnunuzi alikuja asubuhi. Jirani akamkabidhi ufunguo, akasimama kando ya bibi, mikono nyuma. Gari likavuka tuta, likanguruma kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia, likachomoka mpaka vumbi likatufikia ukutani.

"Kumbe inaweza?" nilimuuliza bibi.

"Siku zote ilikuwa inabeba uji wangu," akasema.

Na habari ya uji niliijua vizuri. Jirani alimpitisha bibi sokoni Tandika, alikouza uji, kila alipokwenda kazini, na ni sisi wawili tulioipakia ile sufuria kiti cha nyuma, bibi akaketi kando yake kuishikilia. Tulifunga mlango wenyewe, kisha tukakimbilia ukutani kumhukumu dereva. Yeye hakuwahi kujitetea kwa hilo hata mara moja.

Niliona aibu mpaka machozi yakanitoka. Nikachukua mkaa, nikaiandika Vitz daraja la pili, mahali pake pa haki, maana turbo haikuwa nayo. Jirani akaja kusoma, akanishukuru taratibu kama mtu aliyepewa kitu kikubwa. Kesho yake alikwenda Lindi. Uji wa bibi ukapanda bajaji, na nusu yake ikamwagika njiani.

Jirani hakurudi. Bibi naye hatunaye tena, na ukuta ulivunjwa kupisha fremu za maduka. Nimewakumbuka wote wiki hii kuliko ninavyoweza kueleza.

Muuzaji alinipa RS moja nyeupe niijaribu, yeye akaketi kushoto kwangu. Tulipokaribia tuta moja barabarani akanihimiza, "Ikanyage, sista, uisikie inavyochomoka."

Nililipanda polepole, nikalishuka polepole zaidi, jicho langu kwenye kioo, nikikiangalia kiti cha nyuma.