Kurudisha Kado ya Shefu

Mtu aliyemuua mdogo wangu anapenda sana kutoa kado. Naanza hapo, kwa kuwa hapa Katuba, mtaa wetu wa Lubumbashi, wengi wanamsifu kwa hizo zawadi zake. Jina lake nimeliacha, lakini cheo chake nakitaja: alikuwa shefu wa timu yetu ya wachimbaji kule Kambove.

Kila mara kabla ya kututuma mahali pabaya alitupatia kitu: makopo ya sardini, tochi ya kichwa. Asubuhi ile alimpa mdogo wangu viatu vipya vya mpira. Zawadi ya mkubwa mbele ya watu unaipokea kwa mikono miwili, na ukishaipokea mdomo umefungwa. Mdogo wangu alijaribu hata hivyo.

"Shefu, jana bulongo ilianguka kidogo mule mu shimo."

"Njo maana nakupa viatu. Mi njo shefu, ao we njo shefu?"

Watu wakacheka. Tukaingia, na udongo ukashuka. Mimi walinitoa na mguu uliovunjika mara mbili. Yeye walimtoa siku ya tatu, na vile viatu miguuni.

Kwenye kilio shefu alileta mifuko ya unga, kisha akasimama akasema: "Mi nilibakataza. Kijana alikuwa na tamaa, aliingia mwenyewe." Bukari yake, ugali wa unga ule, ilikuwa tayari katika vinywa vyetu. Wazee wa familia walijua ukweli, wakanyamaza. Wachimbaji wenzetu walikuwa pale asubuhi ile, wakanyamaza. Na mimi, nililala pale mkekani na mguu wangu, nikala, nikanyamaza. Tangu siku ile mjane wa mdogo wangu anaitwa mke wa mtu aliyekufa kwa tamaa. Wakwe zake, yaani ndugu zangu, wanamrushia neno hilo hata kwenye ugomvi wa chumvi.

Yule mjane anauza munkoyo, kinywaji cha mahindi, kwenye lango la fundi mmoja wa mbao, Mwislamu, mtu wa ukoo wa Maniema. Ndani ya uwanja fundi ametengeneza meza ya sataranji. Ngome moja ilipotea, mahali pake ameweka buji, plagi kuukuu ya pikipiki. Kila Jumamosi baada ya sala ya alasiri watu wanacheza. Shefu naye huja, sasa ana nyumba na depo ya kuwekea mali hapa Lubumbashi. Viti vya plastiki vya pale alivileta yeye. Kado, unaona.

Na anacheza vile vile anavyoishi. Anachukua nyeupe, anasukuma pioni, kete ndogo, ya mbele ya mfalme, halafu anakupa pioni moja bure. "Kamata, ni kado." Unakamata, anakupa ya pili, ya tatu. Unapotosheka, fu zake mbili, zile kete zinazokwenda mshazari, zimesimama pamoja zinamtazama mfalme wako, na malkia wake anakuja nyuma. Umekufa kabla munkoyo haujaisha kwenye kikombe.

Nilikaa kwenye kile kiti nikafa wiki nyingi. Nilianza kwa kukataa pioni, akawaambia watu, "Muone, anaogopa hata mutoto." Nikaanza kuzipokea na kuzilinda zote. Hapo nilikufa vibaya zaidi, nimekumbatia mali.

Aliyenifungua macho ni mke wangu, na hajui hata farasi inaendaje. Jirani alitutumia sahani ya samaki wa Kasenga. Tulipomaliza, mke wangu aliosha sahani, akaitia karanga, akairudisha.

"Si walitupa? Unarudisha ya nini?"

"We unaota, baba? Sahani hairudi tupu. Ukirudisha, hakuna muntu atakuya kukudai heshima kesho."

Nilichukua ubao wangu wa sataranji niliouchora kwenye katoni, nikakaa nao. Kosa langu lilikuwa hapo. Kado ya mtu huyu inafaa kupokelewa, sawa, lakini inafaa kurudishwa upesi, kabla hajapanga watu wake. Ukiacha kung'ang'ania kile kidogo alichokupa, mikono yako inapata kazi nyingine. Nilifanya mazoezi pale katoni mpaka pembe zikalainika kama kitambaa.

Jumamosi moja nikamwambia:

"Shefu, leo tusicheze bure."

"Uko na nini ya kuweka, mudogo? Ule muguu?"

Wakacheka. Nikangoja wamalize.

"Nikishinda, utajibu swali moja, kwa sauti, bantu bote basikie. Ukishinda we, sitakanyaga tena hapa, na ile maneno sitaisema mpaka nizikwe."

Alijua ni maneno gani. Alinitazama, akaona kwamba anaweza kuyazika leo kwa bei ndogo.

"Fundi, umesikia? We njo shahidi."

"Nimesikia," fundi akasema, hajaacha randa yake. "Lakini atakayeshindwa asivunje kiti. Shefu atatuletea ingine na hotuba."

Tukaanza. "Kamata." Nikakamata. "Kamata tena." Nikakamata. Pioni yangu moja ilikula zake tatu kabla fu yake haijaimeza. Fu zote mbili zikasimama zinanitazama. Hapo zamani ningejificha. Safari hii nikasukuma pioni ya mbele ya malkia wangu, hatua mbili, mdomoni mwake kabisa.

"Anatupa pioni!" mtu akapiga kelele.

Fu yake ikaila. Nikatoa farasi kuitisha. Yeye akaona karamu: ile fu ikajitupa kwa pioni iliyo karibu na mfalme wangu, mfalme akalazimika kuila, na njia ya malkia wake ikabaki wazi. Akamchukua malkia wangu. Uwanja ulilipuka. Shefu alisimama akanyoosha mkono.

"Simama, mudogo. Kwenda ukapumzishe muguu."

"Ikala chini, shefu. Bado."

Nikatelezesha fu yangu mshazari mpaka ikamlenga mfalme wake kwa mbali. "Eshek." Na pale fu ilipotoka njia ilifunguka, ile buji ya pikipiki, ngome yangu, ikabaki inamtazama malkia wake. Kuwaokoa wote wawili hakuweza. Alikaa. Akamrudisha malkia kumkinga mfalme, nikamla, akaila fu yangu. Tukawa sawasawa, bila malkia, bila mashambulizi, bila kado.

Mtu huyu hajui kucheza taratibu. Upande wangu wa kulia nilikuwa na pioni tatu, yeye alikuwa na moja. Nilizitembeza pole pole, kama watu wanaosindikiza maiti. Jua lilihama kutoka mbao mpaka ukutani. Alikimbiza farasi wake huku na huku, akatoa jasho, akalaumu kelele. Pioni yangu moja ilipofika mwisho na kugeuka malkia, fundi mwenyewe alimtafuta malkia kwenye vumbi la mbao, akampangusa, akamweka. Shefu akamlaza mfalme wake: ameshindwa.

"Swali," nikasema. "Siku ile Kambove, nani alisema tuingie?"

Fundi aliweka randa chini. Kule langoni mjane alikuwa ameinua kikombe cha mteja, akabaki nacho hewani.

Shefu akainama, sauti laini. "Mudogo, mi natafuta sentineli ku depo. Kazi ya kukaa tu. Anza siku ya Lundi."

Nisidanganye: niliitaka ile kazi ya ulinzi. Mguu wangu uliitaka. Lakini nilikuwa nimejifunza.

"Nimepokea, shefu. Asante. Nakurudishia. Jibu."

"Niko shahidi," fundi akasema.

Shefu akatazama viti vyake, vyote vimekaliwa. "Ni mi nilisema baingie."

"Na bulongo?"

"Niliyua inaanguka."

Mjane aliweka kikombe chini. Akaja mpaka mezani, akafuta mikono kwenye kikwembe chake.

"Rudilia, shefu. Sikusikia muzuri."

Alikuwa amesikia. Niliuona uso wake. Shefu akarudilia, na mara hii mpaka barabarani walisikia.

Watu waliniambia: sasa umwache, amekiri. Simwachi. Nilimwambia mbele ya wote kwamba kila Jumamosi tunaweza kucheza kwa masharti yale yale: akinipiga hata mara moja, nanyamaza milele. Hiyo ni kado yangu kwake, na ameipokea kwa mikono miwili, kwa kuwa asipokuja watasema amekimbia, na akija anaamini leo ndiyo leo. Amekuja na njia nyingine za kutoa pioni. Kwangu katoni ni ya tatu sasa.

Bado hajanipiga. Akimlaza mfalme, namwuliza lile lile, na anajibu lile lile, macho mezani. Mjane huacha ndoo yake langoni, anakuja kusimama nyuma ya kiti changu, anamsikiliza mpaka mwisho. Halafu anasema: "Rudilia."